Jibu la Mashine Linahitaji Mdhamini

Kila baada ya miezi michache swali lilelile hurudi kwenye makundi ya WhatsApp, limebandikwa juu ya picha ya rangi kali na tangazo kwamba wengi hulikosa: 6 ÷ 2(1 + 2). Nusu ya kundi hupata 9, nusu nyingine 1, na kufikia usiku watu waliokaa dawati moja shuleni wanaambiana kwamba hawakusoma. Kisha mmoja anatuma picha ya kikokotoo chake, kimeandika 9. Mwingine anatuma ya kwake, 1. Hapo ndipo jambo lenyewe linapoanza, kwa sababu vikokotoo vyote viwili ni vizima.

Vikokotoo vya Casio vya kundi la ClassWiz, ukiandika hivyo bila alama ya kuzidisha, hujiwekea mabano na kusoma 6 ÷ (2(1 + 2)), ambayo ni 1. Vikokotoo vingi vya simu hutia × mahali palipoachwa wazi, kisha hutembea kushoto kwenda kulia: 6 ÷ 2 × 3, yaani 9. Hata kampuni moja huweza kubadili msimamo. TI-82 ya Texas Instruments ilisoma 1/2X kama 1/(2X). TI-83 iliyoifuata ikaisoma kama (1/2)X. Hakuna ukweli wa hesabu unaobishaniwa hapo. Kinachobishaniwa ni mwandiko, na aliyeandika swali ndiye mwenye kosa. Anayetaka 9 aandike (6 ÷ 2)(1 + 2). Anayetaka 1 aandike sehemu: 6 kwenye kiasi, 2(1 + 2) kwenye asili, na mstari katikati ufunike asili yote. Ukifungua makala za hisabati za watafiti ni nadra sana kuiona alama ya ÷, na sababu ndiyo hiyo: mstari wa sehemu hauachi nafasi ya ubishi.

Wanaobishana kwenye makundi hayo huapa kwa MAGAZIJUTO. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania analijua neno hilo, na ni msaada mzuri kwa mtoto wa darasa la nne. Lakini lina mtego ambao walimu wengi hawauzungumzii, nao hauko pale watu wanapodhani.

Mpe mwanafunzi 10 − 3 + 2. Anayelifuata neno herufi kwa herufi atajumlisha kwanza, 3 + 2 = 5, kisha atoe: 10 − 5 = 5. Jibu sahihi ni 9. Jumlisha na toa zina daraja moja, na zikikutana unatembea kushoto kwenda kulia. Vivyo hivyo gawanya na zidisha. Lakini ajabu ni kwamba kutanguliza GA mbele ya ZI hakumdhuru mtu: katika 5 × 12 ÷ 4, ukigawanya kwanza unapata 5 × 3 = 15, na ukienda kushoto kwenda kulia unapata 60 ÷ 4 = 15. Kutanguliza JU mbele ya TO ndiko kunakoua. Lingekuwa MAGAZITOJU, mtoto angelifuata kibubusa na bado angepata: 10 − 3 + 8 − 2, ukitoa kwanza, ni 7 + 6 = 13, sahihi. Sababu ni kwamba alama ya kutoa ni mali ya namba inayoifuata. Hiyo 3 ni hasi 3, na hasi yake haiambukizi namba iliyo baada yake. Ukijumlisha kwanza unaiingiza 2 ndani ya hasi isiyo yake. Kuzidisha kabla ya kugawanya kungeleta balaa hilohilo: 24 ÷ 4 × 2 ingekuwa 3 badala ya 12.

Mwanafunzi akiingia sekondari, lugha ya kufundishia inabadilika na neno linakuwa BODMAS, lakini A (addition, kujumlisha) bado iko mbele ya S (subtraction, kutoa) na mtego unahama naye. Kwa hiyo ninashauri kila mwalimu anayeandika neno hilo ubaoni aandike na 10 − 3 + 2 kando yake, siku hiyohiyo. Na mzazi anayemsaidia mtoto jioni, swali hilo moja litamwonyesha haraka kama mtoto ameelewa au amekariri.

MAGAZIJUTO pia halina herufi ya vipeo, na hapo mashine zenyewe zinatofautiana. Andika =-2^2 katika Excel, programu ya majedwali ambamo ^ ni alama ya kipeo, utapata 4. Katika daftari la hisabati, −2² ni −4, kwa sababu kipeo hushika 2 peke yake kabla ya hasi kuja. Excel imeamua hasi itangulie. Anayehamisha fomyula kutoka kitabuni kwenda kwenye jedwali bila kujua hilo atapata majibu mabaya yaliyopangwa vizuri, yenye desimali mbili mbili na mistari ya rangi. Dawa ni mabano: -(2^2). Mabano ni bure. Ukiwa na shaka weka, na kwenye simu weka hata usipokuwa na shaka: sqrt(x+1) si sawa na sqrt(x)+1, na anayetuma "mzizi wa x+1" kwenye kundi la wanafunzi 200 ameanzisha mabishano mawili kwa ujumbe mmoja. Alama ya kuzidisha iandikwe ×. Nyota tuiache, maana WhatsApp huitumia kukoleza maandishi.

Kosa linalogharimu fedha zaidi ni jingine kabisa: kukata desimali mapema. Chukua mkopo wa shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, inayojumlishwa kila mwezi, kwa miaka 2. Kwa mwezi ni asilimia 1.25, kwa hiyo unazidisha kwa 1.0125 mara 24. Deni linafika 1,347,351. Mtu akiona 1.0125 ni ndefu na kuandika 1.01, anapata 1,269,735. Tofauti ni shilingi 77,616, na imetoka kwenye tarakimu mbili zilizoonekana hazina maana. Kanuni ni kuacha namba yote ndani ya kikokotoo, kutumia kitufe cha Ans au cha kumbukumbu, na kukata desimali mara moja tu, mwishoni. Wanafunzi huona hii ni adabu ya mitihani. Hapana. Kosa dogo likizidishwa au kujumlishwa mara nyingi linakuwa kubwa, na mashine inalifanya mara nyingi kwa haraka kuliko mtu.

Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot ulishindwa kulizuia kombora la Scud, na askari 28 wa Marekani wakafa. Mtambo ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100 mfululizo. Ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na 0.1 haiandikiki kikamilifu kwa namba za mbili, yaani zile za 0 na 1 tu, kama vile theluthi isivyoandikika kikamilifu kwa desimali: tarakimu hazina mwisho. Ilikatwa ili iingie kwenye nafasi 24. Kosa la kila hatua lilikuwa kama 0.000000095. Lakini ndani ya saa 100 mna hatua 3,600,000, na jumla ikawa theluthi ya sekunde. Kwa mwendo wa Scud, theluthi ya sekunde ni zaidi ya nusu kilomita. Simu iliyo mfukoni mwako inaandika 0.1 kwa namna hiyohiyo, ila kwa nafasi nyingi zaidi. Fungua lugha ya programu kama Python, uiulize 0.1 + 0.2, nayo itajibu 0.30000000000000004.

Kuhusu mitihani nina msimamo, na najua wenzangu wengi hawaupendi. Tanzania, mtihani wa kidato cha nne wa Basic Mathematics hauruhusu kikokotoo. Mwanafunzi anatumia vitabu vya majedwali. Kenya, KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, inaruhusu kikokotoo kisichopangiwa programu. Pande zote mbili zina hoja, lakini hakuna upande unaotoa muda wa kutosha kufundisha jambo lililo gumu zaidi, yaani kujua kwamba jibu lililo kiooni haliwezekani. Chukua sin 30. Kikokotoo kikiwa kwenye nyuzi kinatoa 0.5. Kikiwa kwenye radiani, −0.988. Kikiwa kwenye gradi, 0.454. Juu ya kioo kuna herufi ndogo, D, R au G, na mwanafunzi aliyeazima kikokotoo cha jirani asubuhi ya mtihani haitazami. Jibu la −0.988 angalau lina hasi, mtu makini atashtuka. Lile la 0.454 linafanana na ukweli, ndiyo maana ni hatari. Kipimo chake ni cha sekunde tano: kabla ya swali la kwanza bonyeza sin 30, na isipokuwa 0.5, usiendelee.

Jambo hili hili, kulitazama jibu na kusema "haliwezekani", ndilo ningetaka watu wawe nalo wanapoletewa kiungo cha biashara ya kuleta watu. Wewe unaingia, unaleta watano, kila mmoja wao analeta watano. Safu ya kwanza watu 5, ya pili 25, ya tatu 125. Endelea hadi safu ya 11 na ujumlishe pamoja na mwanzilishi: watu 61,035,156. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Yaani safu 11 zinameza karibu nchi nzima, watoto wachanga na wazee wa vijijini wakiwemo, na safu ya 12 haina wa kumleta. Sasa tazama safu ya mwisho peke yake: watu 48,828,125, asilimia 80 ya wote. Hao wametoa fedha na hawajaleta mtu. Na asilimia hiyo haibadiliki sana popote mchezo unapokatikia. Ukikatika safu ya nne, waliomo ni 781 na wa safu ya mwisho ni 625; ni asilimia 80 tena. Kwa hiyo swali la "je, kampuni ni ya kweli?" linakuja baadaye. Hata mwendeshaji akiwa mwaminifu kama kadhi, wanne kati ya kila watano wako safu ya mwisho, kwa umbo la mchezo wenyewe. Mchezo wa akina mama 12 wanaotoa 20,000 kila mwezi na kila mmoja kupokea 240,000 kwa zamu ni kitu tofauti kabisa: duara limefungwa, hakuna mgeni anayehitajika, na kila aliyetoa anapokea alichotoa. Inasikitisha kwamba neno upatu limeachiwa kubeba vyote viwili.

Sasa kuna akili mnemba, na wanafunzi wanaipiga picha karatasi ya maswali na kupata utatuzi mzima kwa sekunde chache. Kuipiga marufuku hakutasaidia kitu. Lakini lazima mtu aelewe inachofanya. Programu hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi mno ili zikisie kipande cha maneno kinachofuata. Baadhi, zikikutana na hesabu, huipeleka kwa programu ya kukokotoa. Nyingine huandika tu tarakimu zinazoelekea kufuata. Ndiyo maana tarakimu za mwanzo na za mwisho mara nyingi huwa sahihi, na kosa hujificha katikati.

Kwenye uthibitisho tatizo ni baya zaidi, kwa kuwa lugha yake ni fasaha. Kuna fomyula maarufu inayohusishwa na mwanahisabati Leonhard Euler: n² + n + 41. Weka n = 0, unapata 41, namba tasa. Weka 1, unapata 43. Weka 2, unapata 47. Zote tasa, hadi n = 39, mara 40 mfululizo. Weka 40: unapata 1,681, ambayo ni 41 × 41. Mifano 40 haikuwa uthibitisho. Nikitaka kuipima programu mpya, naiambia ithibitishe kwamba fomyula hiyo hutoa namba tasa daima. Ikikubali, hata kwa aya nzuri, nimeshajua namna ya kuisoma kwenye maswali mengine. Siku hizi nyingi zinalijua swali hili maarufu, basi badilisha namba na uulize lisilo maarufu. Na popote inapoandika "ni wazi kwamba", simama hapo uifanye hatua hiyo kwa mkono wako. Makosa hupenda kukaa kivulini mwa maneno hayo, hata kwenye kazi za binadamu.

Wanahisabati wenyewe walikutana na hili zamani. Mwaka 1976, Kenneth Appel na Wolfgang Haken wa Chuo Kikuu cha Illinois walithibitisha kwamba rangi nne zinatosha kupaka ramani yoyote iliyochorwa kwenye karatasi bila nchi mbili zinazopakana kufanana rangi. Kompyuta ilitumia zaidi ya saa 1,000 kukagua hali moja moja, na hakuna binadamu aliyeweza kuzikagua zote. Wengi hawakuridhika. Utulivu ulikuja kwa hatua, hadi mwaka 2005 Georges Gonthier alipoandika uthibitisho wote kwa lugha ambayo programu ndogo ya ukaguzi huweza kuufuata mstari kwa mstari. Mashine ilipata mdhamini, naye ni programu fupi ambayo watu wanaweza kuisoma na kuielewa. Mwanafunzi wa kidato cha pili hana programu hiyo, lakini ana vipimo vya mkono vinavyotosha kazi yake.

Mfano, mashine inasema 4,738 × 6,287 = 29,787,806. Kipimo cha kwanza ni ukubwa: 5,000 × 6,000 ni milioni 30, inakubalika. Cha pili ni tarakimu ya mwisho: 8 × 7 = 56, lazima iishie 6. Cha tatu ni kutupa tisa, na anayesoma saa ya Kiswahili tayari anaijua akili yake, kwa sababu baada ya saa kumi na mbili hurudi moja. Hapa unarudi baada ya tisa. Jumlisha tarakimu hadi ibaki moja. 4 + 7 + 3 + 8 = 22, kisha 4. 6 + 2 + 8 + 7 = 23, kisha 5. Zidisha: 4 × 5 = 20, kisha 2. Jibu la mashine nalo: 2 + 9 + 7 + 8 + 7 + 8 + 0 + 6 = 47, kisha 11, kisha 2. Yamekutana. Yasingekutana, jibu lingekuwa baya bila shaka. Yakikutana, jibu halijathibitika, limepita tu.

Kwa darasa la wanafunzi 80 na simu moja, zoezi linalofanya kazi ni hili. Mwalimu anaandika ubaoni majibu manne ya kuzidisha kutoka kwenye mashine, moja ameliharibu makusudi kwa kubadilisha tarakimu moja ya katikati. Kila mwanafunzi aandike makadirio kwenye karatasi kwanza, kwa kalamu, bila kufuta. Kisha watupe tisa. Watalikamata bovu, isipokuwa kama mwalimu amebadilisha 0 kuwa 9 au 9 kuwa 0, ambayo tisa haioni. Siku ya pili mwalimu aharibu kwa kupindua tarakimu mbili zilizo jirani: 29,788,706 badala ya 29,787,806. Ukubwa unapita, tarakimu ya mwisho inapita, tisa inapita. Darasa zima litaapa kwamba ni sahihi, na waachwe waape.

Ndipo wafundishwe kumi na moja. Anza kulia, toa na jumlisha kwa kupokezana. 4,738: 8 − 3 + 7 − 4 = 8. 6,287: 7 − 8 + 2 − 6 = −5, ongeza 11, ni 6. Zao ni 48, na 48 ukiondoa 44 inabaki 4. Jibu lililopinduliwa: 6 − 0 + 7 − 8 + 8 − 7 + 9 − 2 = 13, inabaki 2. Limenaswa. Jibu halisi: 6 − 0 + 8 − 7 + 8 − 7 + 9 − 2 = 15, inabaki 4. Swali la kuwaachia waende nalo nyumbani ni kwa nini kupindua tarakimu jirani hakuwezi kujificha mbele ya kumi na moja, na simu iruhusiwe, mradi aliyeleta jibu aje kulieleza ubaoni bila karatasi.